Mbegu Mkononi mwa Mtoto

Somo letu la safari hii ni la wote wanaolea watoto wa umri wa miaka minne hadi minane: walimu wa Shule ya Jumapili, walimu wa madarasa ya awali, wazazi, na pia babu na bibi walioachiwa wajukuu. Tutazungumza habari ya kumfundisha mtoto jinsi mmea unavyoota na kukua. Mtu aweza kusema, "Hilo nalo ni la kufundishwa? Mtoto wa mkulima amezaliwa shambani." Ni kweli, amezaliwa shambani. Lakini sisi tuliosimama mbele ya watoto kwa miaka mingi, na baadaye tukawafundisha walimu wenyewe chuoni, twajua kwamba mtoto aweza kuishi kando ya mahindi tangu kuzaliwa kwake asijue kinachotokea chini ya udongo, tangu siku mbegu inapofukiwa hata siku jani linapochomoza. Wakubwa wengi nao hawajui. Mbegu hufukiwa, mvua hunyesha, mahindi huota, basi, yamekwisha.

Shuleni nako mambo huwa hivi. Mwalimu huandika ubaoni kwamba mmea unahitaji maji, hewa na mwanga. Watoto husoma kwa sauti moja mara tano, hunakili, na siku ya mtihani hujibu sawasawa. Lakini mwulize mtoto huyohuyo kwa nini kunde zilizopandwa bondeni ziliozea ardhini baada ya mvua kubwa, atakutazama tu. Maneno anayo, ila hayakuwahi kukutana na kitu chochote alichokiona kwa macho yake. Sisi twaamini kwamba katika somo hili mtoto aone kwanza, ndipo aambiwe. Na akiisha kuona, asilazimishwe kusema asichokiona. Hilo la pili ndilo gumu, nasi tutalirudia mbele.

Tuanze na mbegu yenyewe. Chukueni maharage makubwa ya kula, yanunuliwayo sokoni. Msitumie mbegu za kupandia zilizopakwa dawa. Hizo hutiwa rangi, ya waridi au nyekundu au kijani, ili watu wasizile, na mkono wa mtoto mdogo haukawii kwenda kinywani. Lowekeni maharage jioni. Asubuhi kila mtoto apewe mawili, moja kavu na moja lililolowa. Msiseme neno. Waacheni wayashike, wayanuse, wayagonge mezani. Lile kavu hulia, lile lililolowa halina sauti. Mmoja atasema limenenepa. Mwingine atasema limevaa nguo iliyolegea. Kisha walivue ganda kwa kucha, taratibu. Punje itaachana mapande mawili, na pale pembeni, katika pande moja, watakiona kijimche: majani mawili madogo mno yaliyokunjwa, na ncha ya mzizi. Tumeona darasa la watoto arobaini wenye kelele za sokoni likinyamaza kwa ajili ya kitu hicho kisichozidi ukucha wa kidole kidogo.

Hapo ndipo pa kuuliza, "Haya mapande mawili makubwa ni ya nini?" Ulizeni, kisha ngojeni. Mwalimu mgeni wa kazi hii huogopa kimya, akajibu mwenyewe. Ngojeni. Mara nyingi atapatikana mtoto, na si lazima awe yule wa kwanza darasani, atakayesema ni chakula chake. Naam, ni masurufu. Mmea mchanga hauna majani ya kujitafutia riziki, wala mizizi ya kunywa maji. Kwa hiyo umefungiwa masurufu ya safari ya siku za kwanza.

Watoto wa pwani wanayo shahada kubwa ya jambo hili, ila hawakuambiwa. Nani kati yao hajagombania joya? Nazi ikikaa muda mrefu mahali penye unyevu huchipua kwa kupitia jicho moja kati ya yale matatu. Ukiipasua, ndani pale palipokuwa na maji utakuta joya, jeupe, tepetepe, tamu. Joya hilo ni sehemu ya mnazi mchanga wenyewe. Hukua ndani ya nazi na kufyonza chakula cha nyama ya nazi polepole, kwa miezi mingi, hata mche uwe na majani na mizizi ya kutosha. Nazi moja iliyochipua ikipasuliwa mbele ya watoto hufundisha kuliko picha kumi. Tena somo likiisha, wagawiwe joya. Haifai kumwonyesha mtoto joya kisha ukalitupa.

Siku hiyohiyo yafaa kuandaa chupa ya kuangalilia. Katakata ya fedha haihitajiki. Chupa ya maji ya plastiki, ile nyeupe, hukatwa juu. Ndani huwekwa kitambaa kikuukuu cha pamba kilichokunjwa, kikatiwa maji hata kikalowa bila maji kutuama. Na maharage huchomekwa kati ya kitambaa na ukuta wa chupa, ili yaonekane kwa nje. Kama watoto ni wadogo sana, tumieni choroko badala ya maharage, maana mtoto wa miaka minne hana subira. Katika joto la pwani choroko hutoa mzizi baada ya siku moja au mbili. Maharage huchukua siku tatu, nne. Walioko milimani kwenye baridi wangoje zaidi, wala wasivunjike moyo. Wekeni punje ya mahindi kando ya maharage katika chupa hiyohiyo.

Jambo la kwanza watakaloliona ni kwamba mzizi hutangulia. Watoto karibu wote hudhani jani ndilo huanza, kwa kuwa jani ndilo waliloliona shambani. Mzizi ukiwa na urefu wa pingili ya kidole, ilazeni chupa ubavu. Kesho yake ncha ya mzizi itakuwa imepinda kuelekea chini. Igeuzeni tena, itapinda tena. Twamkumbuka mtoto mmoja aliyeigeuza chupa yake kila asubuhi akisema anaukomoa mzizi, hata ukawa kama nyoka. Hakuukomoa. Sasa mtoto huyo, akipanda mbegu kichwa chini au kichwa juu, hatahitaji kuuliza kama ni sawa.

Jambo la pili ni tofauti ya maharage na mahindi. Harage hupinda shingo, likasukuma udongo kwa mgongo wa shingo, kisha likajivuta na kupanda juu pamoja na mapande yake mawili. Hindi halifanyi hivyo: punje hubaki chini, na kinachopanda ni ncha kali kama sindano, ambayo ndani yake majani yamesokotwa. Waulizeni watoto ni yupi atakayepata shida udongo ukiganda juu baada ya mvua na jua kali. Wakulima wanajua: maharage huvunjika shingo, mahindi hupenya. Mzazi akisikia mtoto wake wa darasa la kwanza akieleza hayo mezani jioni, hatauliza tena kwa nini watoto wanachezea maharage shuleni.

Kupima nako kusiachwe, ingawa watoto hawa hawajui bado sentimita. Kila asubuhi mtoto aweke chane ya ukindu kando ya mche wake, aikate kwa urefu uleule, na aibandike ukutani kwa mpangilio wa siku. Baada ya wiki mbili ukuta utaonyesha ngazi inayopanda: siku za mwanzo hakuna kitu, halafu vipande vifupi, halafu virefu kwa ghafula, halafu mwendo unapungua. Mtoto ambaye hawezi kuandika tarakimu ataisoma ngazi hiyo na kukuambia ni siku ipi mmea ulikuwa na haraka. Mkeka utakosa chane chache. Akina mama watatusamehe.

Sasa twafika kwenye makopo manne, nayo ndiyo kiini cha somo. Makopo si lazima yawe makopo. Vifuu vya nazi vyafaa sana, maana jicho laini likitobolewa maji hupita chini. Navyo havina ncha za kukata vidole. Tieni udongo wa namna moja katika vyote, na mbegu tano katika kila kimoja, zikifukiwa kiasi cha pingili moja ya kidole cha mtoto. Kwa nini tano? Kwa sababu mbegu moja yaweza kuwa mbovu yenyewe, nasi tusije tukasingizia maji au giza. Kifuu cha kwanza kipate maji na mwanga. Cha pili kisipate maji kabisa. Cha tatu kipate maji, lakini kifunikwe kwa boksi lisilopitisha mwanga. Cha nne kisitobolewe, kijazwe maji hata mbegu zizame. Angalieni kwamba kila kimoja kimetofautiana na cha kwanza kwa jambo moja tu. Watoto hulielewa jambo hilo upesi kuliko wakubwa; ni kama kukimbia mashindano, haifai mmoja avae viatu na kupewa njia fupi pia.

Kabla ya kuondoka, kila mtoto aseme anatazamia nini, na mwalimu aandike ubaoni bila kusema nani amepata na nani amekosa. Kisha siku zipite.

Cha pili hakitakuwa na kitu. Mbegu zitafukuliwa zikiwa kavu kama zilivyowekwa. Cha nne kitanuka. Waacheni wanuse. Mbegu zimevimba, zimekuwa laini, zimeoza, kwa kuwa hapakuwa na hewa ndani ya maji yale. Mtoto aliyekunja pua juu ya kifuu hicho anajua tayari kwa nini kunde za bondeni zilioza.

Cha tatu ndicho kinachowatia walimu hofu. Likiondolewa boksi baada ya siku kumi au kumi na mbili, miche ya gizani huonekana mirefu kuliko ile ya mwangani! Mirefu, myembamba, imepauka, ina rangi ya manjano, majani yake madogo hayakukunjuka vizuri, lakini mirefu. Watoto watapiga kelele, "Mwalimu, wa gizani umeshinda!" Na mwalimu ambaye aliandika ubaoni kwamba mmea hauwezi kukua bila mwanga ana njia mbili mbele yake.

Njia ya kwanza ni kusema, "Hapana, tazameni vizuri, huu wa mwangani ndio mrefu." Msidhani tunatania. Tumekwenda kukagua wanafunzi wa ualimu katika mazoezi ya kufundisha, tukasikia jambo hilo kwa masikio yetu, na watoto wote wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Wako pia walimu wanaokwenda jioni, wakang'oa mche uliowaaibisha, wakatia mwingine, au wakaifukua mbegu iliyooza na kuweka nzima, ili somo la kesho liende sawa na maandalio. Mwenye kufanya hivyo huona amesaidia somo. Lakini mtoto aliyeona urefu kwa macho yake, kisha akaitikia kwamba ni ufupi, amejifunza nini? Amejifunza kwamba darasani husemwi unachokiona. Husemwa anachotaka mkubwa. Atalibeba hilo mpaka ofisini, mpaka kwenye vikao vya mtaa, mpaka kwenye hesabu za sadaka. Twaona ni hasara kubwa kuliko kutojua habari za mimea maisha yake yote.

Njia ya pili ni kusema, "Kweli, umeshinda kwa urefu. Je, ungependa kuwa mmea upi?" Waushike. Shina la gizani ni legevu, halisimami. Waangalie mapande mawili ya harage: yamesinyaa, masurufu yanakwisha. Hapo waelezwe kwamba mmea ulikuwa ukitumia akiba yake yote kurefuka, ukiutafuta mwanga, kama mtu anayekimbia gizani aufikie mlango. Mbegu ya harage haihitaji mwanga ili iote, maana hata shambani huota chini ya udongo mlimo giza. Bali mmea wahitaji mwanga ili uendelee kuishi. Kuota na kukua ni mambo mawili. Kisha gawanyeni: miche miwili itolewe nje, mingine irudishwe chini ya boksi. Ile iliyotolewa itaanza kuwa ya kijani kwa siku moja mbili tu. Iliyobaki gizani itaanguka na kufa akiba ikiisha. Na yale maneno ya ubaoni yasahihishwe mbele ya watoto. Hakuna heshima ya mwalimu inayopotea hapo. Mtoto humheshimu zaidi.

Jaribio jingine tunalipenda kwa kuwa ni rahisi mno: chemsheni maharage machache, yaacheni yapoe, yakaushwe, kisha yapandwe kando ya mabichi. Kwa macho yanafanana. Yaliyochemshwa hayataota kamwe, yataoza tu. Watoto husema, "Yamekufa." Husema kweli.

Na jaribio hilo lilileta swali ambalo hatutalisahau. Ilikuwa katika darasa la Shule ya Jumapili, wiki moja baada ya mahubiri juu ya Yohana 12:24, pale Bwana wetu anaposema habari ya punje ya ngano kuanguka katika nchi na kufa ndipo itoe mazao. Msichana wa miaka saba hivi aliinua mkono. "Mwalimu, Padre alisema mbegu isipokufa haizai. Lakini iliyokufa ni ile tuliyoichemsha, nayo haikuzaa. Iliyozaa ilikuwa hai." Mwalimu wa darasa, kijana mwema, alitutazama kama mtu anayeomba msaada. Wenzake wengine walitaka mtoto anyamazishwe, asije akabishana na Maandiko.

Hakunyamazishwa. Tuliwaambia watoto waende kwenye chupa zao na kumtafutia kila mmoja harage lake la kwanza, lile walilopewa mkononi siku ile. Wakatafuta. Walikuta shina, majani, mizizi. Na yale mapande mawili yaliyokuwa manene yamekuwa makunyanzi membamba, mengine yameanguka. Tukauliza, "Lile harage liko wapi? Waweza kulirudisha kibindoni? Waweza kulipika?" Hapana. Limetoa vyote lilivyokuwa navyo, nalo halipo tena kuwa harage. Tukawaambia kwamba Bwana alikuwa akisema na watu wa mashamba, kwa lugha ya watu wa mashamba, juu ya kifo chake yeye mwenyewe na uhai utokao humo. Hakuwa akifundisha somo la mimea. Ile iliyochemshwa ilipoteza uhai, haikuwa na cha kutoa; ile hai ilijitoa. Yule msichana alifikiri kidogo akasema, "Basi haikufa, iliisha." Hatukumsahihisha. Wakubwa wenye elimu ya dini wanaweza kukaa na neno hilo kwa muda mrefu.

Twataja jambo hili kwa sababu wako wazazi Wakristo wanaoogopa kwamba mtoto akianza kuchunguza mbegu, ataishia kudharau Neno. Sisi hatukuona hivyo. Someni Marko 4:26-29. Humo mkulima analala na kuamka, na mbegu inaendelea na kazi yake bila yeye kujua namna. Lakini tazameni jinsi hatua zilivyopangwa: jani, halafu suke, halafu punje iliyokomaa. Aliyesimulia mfano huo alikuwa ameutazama mmea kwa makini. Mtoto aliyebandika chane zake ukutani atausikia mfano huo kwa sikio jingine kabisa.

Kuna swali moja ambalo watoto huuliza na wakubwa hulijibu vibaya: "Mmea unakula nini?" Jibu la wengi ni udongo. Zamani watu wenye hekima waliamini hivyo pia. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, alipanda mche wa mti wenye uzito wa ratli 5 katika pipa lenye ratli 200 za udongo uliokaushwa, akawa anamwagilia maji tu kwa miaka 5. Mwishoni mti ulikuwa na uzito wa ratli 169 na wakia 3 hivi. Na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua wakia 2 tu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Yeye alidhani mti wote ulitokana na maji. Hakujua kwamba sehemu kubwa hutoka hewani: majani huchukua hewa ya ukaa, yakaiunganisha na maji kwa nguvu ya mwanga, yakatengeneza chakula. Kutoka udongoni mmea huchukua maji na chumvi kidogo za namna mbalimbali. Kidogo, lakini bila hizo hudhoofika. Harage lililoachwa katika chupa yenye kitambaa na maji matupu litaonyesha hilo: litastawi mpaka masurufu yaishe, kisha litasimama. Mwenzake aliyehamishiwa kwenye udongo wenye samadi ataendelea.

Msiwalazimishe watoto wa miaka mitano kuyashika hayo ya hewa ya ukaa. Yatosha wajue kwamba jani linafanya kazi. Vikeni tawi lenye majani chupa safi ya plastiki asubuhi yenye jua, mdomo uzibwe kwa kitambaa. Kufika adhuhuri ndani kutakuwa na matone ya maji, na wataona kwamba mti unatoa pumzi yenye unyevu. Zamani tulitumia mfuko wa plastiki kwa kazi hii, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na chupa yafanya kazi vilevile.

Tena watoto wasidhani kila mmea huanza na mbegu. Wapelekeni wakaone marando ya viazi vitamu, pingili za muhogo na muwa, machipukizi ya mgomba, macho ya kiazi cha mviringo. Kila mtoto achomeke rando moja. Hili halihitaji maneno mengi.

Neno moja chungu sasa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, shamba la shule lilikusudiwa kuwa sehemu ya kusoma, si mahali pa kupelekea wakosaji. Lakini nani kati yetu hakuona mtoto aliyechelewa namba akipewa jembe? Aliyeongea darasani, akalime. Aliyekosa hesabu, akalime. Halafu tunashangaa vijana wanapokimbilia mjini na kusema kilimo ni kazi ya walioshindwa. Tumewafundisha sisi hivyo, kwa miaka saba, kila wiki. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeipa shule yake ya watoto wadogo jina la bustani ya watoto mwaka 1840, alitaka kila mtoto awe na kitalu chake kidogo, na pia pawe na kitalu cha wote. Kitalu cha mtoto chaweza kuwa na upana wa kanga iliyokunjwa mara nne. Akitunze yeye, na kikikauka kwa uzembe wake, kikauke. Asichapwe, bali aulizwe anadhani kimekauka kwa nini. Twawaomba walimu wa parokia zetu, na wazee wa Kanisa wanaosimamia viwanja vya kanisa: mtoto asipewe jembe kwa adhabu. Kama lazima aadhibiwe, itafutwe kazi nyingine.

Tahadhari chache kwa wasaidizi. Watoto wadogo huingiza choroko puani na masikioni, na punje ikilowa huvimba. Msichokoe kwa kijiti, mpelekeni zahanati. Wasile maharage mabichi, huumiza tumbo vibaya. Mbegu za mbarika zisiletwe darasani kabisa, kwa kuwa ni sumu, ingawa ni nzuri kwa macho. Maji yasituame katika vifuu wiki nzima, tusije tukafuga mbu kwa jina la elimu. Na kile kifuu cha nne kikisha kunuswa kimwagwe mbali, kabla Padre hajaanza kuuliza harufu inatoka wapi.

Wakati wa kuanza ni wiki mbili kabla ya mvua, ili miche ya chupani iwe tayari kuhamia ardhini mvua zikishika. Shule ya Jumapili yaweza kulinganisha kazi hii na Jumapili ya tano baada ya Pasaka, ambayo kwa desturi ya zamani ya Kanisa letu ni ya kuombea mashamba na mbegu, ikiwa masika yamechelewa. La sivyo waanze mapema. Maharage yaliyotunzwa vizuri huwa yamekauka katika maganda yake baada ya miezi mitatu hivi. Siku ya Sikukuu ya Mavuno kila mtoto alete alichopata, hata kama ni punje nne, na yule ambaye hakupata kitu alete chane zake alizobandika. Kutoka katika kila fungu zitengwe punje mbili kwa ajili ya darasa la mwaka utakaofuata. Zikauke juani siku mbili zaidi, zichanganywe na majivu makavu, zitiwe katika chupa iliyofungwa sawasawa, na juu yake iandikwe tarehe. Fukusi hawachelewi.